Somo la Tano: Siri ya Mgonjwa Katika Mifumo ya Kompyuta

Kwa miaka mingi taarifa za mgonjwa nchini Tanzania zilihifadhiwa katika faili la karatasi kwenye masijala ya hospitali, au katika daftari ambalo mgonjwa mwenyewe alikwenda nalo kliniki. Leo vituo vingi vya kutolea huduma za afya husajili wagonjwa kwa kompyuta. Baadhi ya vituo vya umma hutumia mfumo wa GoTHOMIS, na vingine vina mifumo yao.

Mabadiliko hayo yana manufaa. Tabibu huona dawa ulizopewa awali, kipimo hakirudiwi pasipo sababu, na madai ya bima hushughulikiwa kwa haraka zaidi. Hata hivyo, faili la karatasi lilisomwa na yule tu aliyelishika, ilhali rekodi ya kompyuta yaweza kusomwa na watu wengi kwa wakati mmoja na kunakiliwa bila kuacha pengo kabatini. Siri ya mgonjwa ikivuja, haizoleki. Mtu anayehofu kwamba majibu yake yatamfikia mwajiri au jirani huchelewa kupima, au humficha daktari dalili zake. Kwa hiyo kulinda taarifa ni sehemu ya tiba yenyewe.

Sheria inasemaje

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inatambua haki ya kila mtu ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa binafsi nyeti. Kanuni yake kuu ni kwamba taarifa nyeti hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mhusika, na ridhaa hiyo yaweza kuondolewa wakati wowote.

Kanuni hiyo ina mipaka yake. Matibabu yanayosimamiwa na mtaalamu wa afya hayasimami kwa kukosa fomu ya ridhaa. Vilevile mgonjwa wa kipindupindu hawezi kuzuia kituo kutoa taarifa kwa mamlaka za afya, kwa kuwa magonjwa ya aina hiyo hutolewa taarifa kisheria ili kuwakinga watu wengine.

Kuhusu Virusi vya UKIMWI, Sheria ya mwaka 2008 inaagiza majibu ya kipimo yawe siri. Hupewa aliyepimwa, isipokuwa kwa watu wachache waliotajwa na sheria yenyewe. Mwajiri anayempigia simu mhudumu ili kuulizia majibu ya mfanyakazi wake hastahili kujibiwa, hata kama ndiye anayelipia matibabu.

Mambo ya kuzingatia kituoni

1. Uliza taarifa zako zinakusanywa kwa madhumuni gani na nani atazipata. Swali hili si utovu wa adabu. Ni haki yako.

2. Soma fomu kabla ya kuitia saini. Ikiwa ridhaa ya matibabu imechanganywa na ridhaa ya kutumiwa matangazo ya biashara, una haki ya kuikataa hiyo ya pili. Usiyejua kusoma, omba usomewe na mtu unayemwamini.

3. Ukitakiwa kueleza ugonjwa wako kwa sauti mbele ya foleni, omba faragha kwa upole.

4. Usimwazime mtu kadi yako ya bima, hata akiwa ndugu. Mbali na kuwa udanganyifu, magonjwa, dawa na vipimo vyake vitaingia katika rekodi yako, na siku ukiletwa ukiwa hujitambui daktari atasoma historia isiyo yako.

5. Usimpe mtu neno lako la siri wala namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu yako, hata akijitambulisha kuwa anatoka hospitali au kwenye bima. Kata simu, kisha wasiliana na kituo kwa namba unayoifahamu.

6. Omba kuona taarifa zako. Ukikuta kosa, kwa mfano kundi la damu lililoandikwa visivyo, dai lirekebishwe.

Siri ikivuja

Kwanza, andika mambo ulivyoyaona: tarehe, mahali, kilichosemwa au kusambazwa, na aliyekiona. Hifadhi ujumbe au picha kama ushahidi, lakini usiusambaze tena, kwani kila nakala huongeza madhara.

Pili, wasilisha malalamiko kwa uongozi wa kituo, ukimwomba afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi ayashughulikie. Baki na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Tatu, usiporidhika, peleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tume ina mamlaka ya kuchunguza na kutoza faini, na sheria inampa aliyepata madhara haki ya kudai fidia.

Tunawakumbusha wasomaji wetu kwamba hofu ya kuvuja kwa siri isiwe sababu ya kukimbia tiba. Wahudumu wengi hutunza siri kwa uaminifu, na mgonjwa anayezijua haki zake huwasaidia kuitunza vyema zaidi.

Maswali ya kujipima

1. Je, hospitali yaweza kukutibu bila ridhaa ya maandishi ya kuchakata taarifa zako? Kwa nini?

2. Taja madhara mawili ya kumwazima ndugu kadi ya bima.

3. Picha ya cheti chako cha maabara imeonekana katika kundi la WhatsApp la mtaani. Eleza hatua tatu utakazochukua, kwa mpangilio wake.