Kupiga Picha ya Mtu

Hapa Buhehe Ikweta i karibu, na jua la saa sita husimama utosini. Ukimpiga mtu picha saa hiyo, macho yake huwa mashimo meusi. Mngoje hadi saa kumi na moja, au mketishe kivulini karibu na mlango, aelekee kwenye mwanga. Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio mwaka 1948, aliwapiga wengi uani kwa mwanga wa jua tu.

Usisogee mno; pua huvimba.

Wazee wetu wengi wana picha ya kitambulisho peke yake, nayo ndiyo hukuzwa siku ya mazishi, macho yamekodolewa. Nyanya yangu hakubali kupigwa bila leso mpya. Mimi humngoja, kisha humwuliza habari za ng'ombe wake, nami hubonyeza anapojibu.