Kompyuta ya Kipande Kimoja, au Kioo Mbali na Mashine Mbali?

Bwana Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niwaandikie wanafunzi, pamoja na wenzangu wa zamani, habari ya kompyuta za mezani. Ninyi mliokuwapo katika mkutano wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani mwaijua sababu yake. Tumechanga fedha za kununua mashine kumi za chumba cha gazeti na maktaba, na tangu siku ile tumegawanyika pande mbili. Wako wanaotaka zile ambazo kompyuta yote imefichwa nyuma ya kioo, ukaona kitu kimoja tu juu ya meza. Wako wanaotaka kioo mbali na mashine mbali, vimeunganishwa kwa waya. Mimi ni wa upande huu wa pili, nalisema mapema ili msomaji asidhani kwamba nimekaa hapa kama kadhi. Hata hivyo nitajaribu kuwatendea haki wale wa upande wa kwanza, maana nilikuwa mmoja wao, na gharama yake niliilipa kwa fedha zangu mwenyewe.

Mimi nina duka dogo la kupiga chapa hapa Mbale. Napiga karatasi za mitihani, kadi za harusi, na taarifa za vyama vya ushirika. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kompyuta ya kipande kimoja, kioo chake inchi 23. Sikuficha furaha yangu. Wateja walikuwa wakiingia, wakitazama huku na huku chini ya meza, kisha wakiuliza, "Sasa mashine yenyewe iko wapi?" Nami nilikuwa nikingoja swali lile kila siku.

Basi, usiku mmoja wa msimu wa mvua, radi ikipiga upande wa Mlima Elgon, umeme ulikatika. Ulirudi kwa nguvu, ukakatika tena, ukarudi. Asubuhi nilibonyeza swichi, kimya. Nikamwita fundi, kijana mmoja hodari sana. Akaifungua kwa nusu siku nzima, maana kioo kilikuwa kimegandishwa kwa gundi, sharti kipashwe moto kidogo na kubanduliwa polepole kwa kadi nyembamba ya plastiki. Mwishowe akaniambia:

"Mzee, kioo chako ni kizima kabisa. Kilichokufa ni bodi."

"Basi tia bodi nyingine."

"Bodi ya hii haipatikani, mzee. Imekatwa kwa umbo la mashine hii tu. Ya mashine nyingine haiingii."

Ndani yake mlikuwamo mitihani ya shule tatu. Diski ilisalimika, tukaichomoa, lakini hapakuwa na mahali pa kuisomea mpaka nikaazima kompyuta ya jirani siku ya pili yake. Shule mbili zilinivumilia. Ya tatu haikurudi tena, wala siilaumu.

Kosa halikuwa la aliyeitengeneza ile mashine. Nilikuwa sijanunua betri ya akiba, ile mafundi waiitayo yupiesi, na mtu anayeishi chini ya mlima wenye radi hana udhuru. Lakini fikirini jambo hili: kama kioo kingalikuwa mbali, ningaliazima sanduku la mtu yeyote, nikalichomeka kwenye kioo kilekile, na kabla ya saa sita mchana ningalikuwa kazini. Kioo kizima cha inchi 23 kilikaa ukutani kama picha ya marehemu kwa sababu ya kibao kisichozidi ukubwa wa daftari.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma mambo haya. Jambo la kwanza nililolielewa ni kwamba kioo na mashine havizeeki kwa mwendo mmoja. Kioo kizuri cha mwaka 2012 chenye pikseli 1920 kwa 1080 (pikseli ni yale madoa madogo yanayoifanya picha) bado chaonyesha herufi leo kama kilivyozionyesha siku ya kwanza, ila mwanga wake umepungua kidogo. Lakini mashine ya mwaka ule imechoka. Chukueni mfano wa Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 iliyoifuata yataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa nyingi za kabla ya mwaka 2018 hazimo katika orodha yake. Mashine zisizohesabika zilizokuwa zikifanya kazi vizuri zimejikuta nje ya mlango. Vioo havina habari ya mlango huo. Kioo hakiulizi picha imetoka kwa prosesa ya mwaka gani.

Kwa hiyo anayefunga kioo na mashine pamoja amefunga kijana na mzee kamba moja.

Msidhani kwamba ubishi huu ni wetu peke yetu. Umeanza zamani. Mwaka 1977 zilitoka Marekani kompyuta mbili mashuhuri: Commodore PET, ambayo kioo chake kilikuwa sehemu ya mashine yenyewe, na Apple II, ambayo haikuwa na kioo, mtu aliunganisha televisheni yake. Mwaka 1984 Apple wenyewe wakageuka wakatoa Macintosh, kipande kimoja chenye kioo cha inchi 9. Mwaka 1998 wakatoa iMac ya kwanza, ile ya rangi iliyopendeza macho, kioo inchi 15. Kisha mwaka 2005 wakatoa Mac mini, sanduku dogo lililouzwa bila kioo, bila kibodi, bila kipanya. Kampuni moja, na mkono wa kulia ukibishana na wa kushoto.

Iliyonifundisha zaidi ni iMac ya inchi 27. Ilipotoka mwaka 2009, watengenezaji waliweka njia ya kuchomeka kompyuta nyingine na kukitumia kioo chake peke yake. Njia hiyo iliendelea kwa miaka kadhaa. Mwishoni mwa 2014 ikaja iMac yenye pikseli 5120 kwa 2880, nayo haikuwa na njia hiyo. Sababu yaeleweka kwa hesabu. Zidisheni mtaona ni pikseli kama milioni 14.7, nazo zapelekwa upya mara 60 kila sekunde, na waya mmoja wa wakati ule haukuweza kubeba mzigo huo wote. Basi leo vioo vizuri sana vya mashine zile vimo katika maduka ya vitu vikuukuu, na kuvitumia sharti fundi ang'oe matumbo yote atie bodi nyingine. Mwezi Machi 2022 Apple waliacha kuiuza iMac ya inchi 27, na mwezi uleule wakaleta mashine iitwayo Mac Studio, na kando yake kioo cha inchi 27 chenye pikseli zilezile 5120 kwa 2880. Hawakuacha kipande kimoja kabisa, maana ile ya inchi 24 ya mwaka 2021 imefuatwa na nyingine 2023 na 2024. Lakini kwa kioo kile kikubwa waliona bora vitengane.

Sasa nije kwenye somo lenyewe la kuchagua kioo, maana hata walio upande wangu hununua ovyo. Wanafunzi wa kidato cha pili na waniazime Pithagora.

Inchi za kioo hupimwa kutoka pembe hadi pembe, si upana. Kioo cha inchi 24 cha umbo la siku hizi, yaani 16 kwa 9, kina upana wa sm 53 na kimo cha sm 30 hivi. Karatasi yetu ya A4 ni sm 21 kwa sm 29.7. Wekeni karatasi mbili ubavu kwa ubavu mtaona: kioo hicho chaweza kubeba kurasa mbili za gazeti kwa ukubwa wake halisi, na pembeni nafasi ikabaki. Kioo cha inchi 18 na nusu kina kimo cha sm 23 tu. Ukurasa mmoja haukai mzima, mhariri hupandisha na kushusha mchana kutwa. Kwa chumba cha gazeti hilo lamaliza maneno.

Tena, inchi peke yake hazitoshi. Tafuteni pikseli zilizomo katika kila inchi. Chukua 1920 mara 1920, ongeza 1080 mara 1080, tafuta kipeuo cha pili, utapata kama 2203. Gawanya kwa 24: pikseli 92 kwa inchi. Pikseli zilezile zikitandazwa juu ya kioo cha inchi 27 zawa 82 tu, herufi zaanza kuonekana kama zimeshonwa kwa uzi mnene. Kwa inchi 27 yafaa 2560 kwa 1440, ambazo ni 109. Muuzaji atakusifia ukubwa. Wewe toa kalamu.

Jambo la matundu nalo lisisahauliwe. Nyuma ya vioo vya zamani mna tundu la VGA lenye vishimo 15, lililoanza na kompyuta za IBM mwaka 1987. Siku hizi twatumia HDMI au DisplayPort, na vingine vina USB-C, ambapo waya mmoja waweza kupeleka picha huku ukiichaji laptopu. Kioo chenye matundu mawili au matatu tofauti ni bora kuliko chenye moja, kwani hatujui mashine ya miaka kumi ijayo itakuja na tundu gani. Tena tazameni mgongoni mwa kioo kama kuna vishimo vinne vya skrubu vilivyopangwa mraba wa sm 10. Kipimo hicho ni cha kampuni nyingi. Kwa vishimo hivyo mwaweza kufunga kompyuta ndogo ya sanduku nyuma ya kioo, na mezani pakawa peupe kama vile wenzetu wapendavyo. Hicho ni kipande kimoja pia, ila chafunguka kwa bisibisi.

Niliahidi haki, na haki ni hii. Kipande kimoja kina waya wa umeme mmoja, na katika chumba chenye soketi chache si jambo dogo. Spika na kamera mara nyingi zimo ndani. Anayelinganisha bei sharti aziongeze upande wetu, pamoja na kibodi na waya, ama sivyo adanganya. Hakuna sanduku la kupigwa magoti na wanafunzi wa kidato cha kwanza. Na mwizi akiingia, sanduku dogo laingia katika mfuko wa shule, ila kioo kikubwa chenye mashine yake mtu hawezi kukipitisha langoni bila kuonekana. (Vitu vyote viwili huwa na tundu la kufuli. Kufuli zenyewe ndizo hatununui.) Kwa meza ya karani wa Bwana Mkuu, ambaye hupokea wageni na hufanya barua tu, ningemnunulia kipande kimoja bila kugombana na mtu. Ila aulize kwanza kama tundu lake la HDMI ni la kuingiza picha au la kutoa tu. Zipo chache zinazoingiza, nazo kioo chake chaweza kuendelea kutumika baada ya mashine kufa.

Mmoja wetu alisema mkutanoni kwamba za kipande kimoja zitapendeza katika picha siku ya kutoa zawadi. Ni kweli, zitapendeza.

Wanafunzi mtakaokwenda vyuo vikuu, kwenu nashauri njia ya tatu: laptopu, na kioo cha inchi 24 kikingoja chumbani. Umeme ukikatika, kioo chazimika lakini kazi haipotei, kwa kuwa laptopu ina betri yake. Hiyo ni yupiesi mliyokwisha kuinunua.

Kwa chumba chetu, basi, shauri langu ni vioo kumi vya inchi 24, masanduku madogo kumi ya chapa moja ili moja likifa liwape wenzake vipuri, na yupiesi kabla ya vyote. Fedha zikipungua, tununue masanduku manane, vioo tusipunguze. Masanduku mawili tutayapata baadaye, hata yaliyotumika.

Kabla ya mkutano naomba mwanafunzi mmoja apime meza za chumba cha gazeti kutoka ukutani mpaka ukingoni, na aandike madirisha yako upande gani, maana kioo kinachotazamana na dirisha la magharibi hakisomeki saa kumi jioni. Mimi nitakuja na kile kioo changu cha inchi 23. Yule fundi kijana alisoma namba iliyo mgongoni mwake, akaagiza kibao cha kukiendesha, na seremala wa jirani akakitengenezea fremu ya mvule. Ni kizito, hakina spika, na waya zake zaning'inia nje. Mtakichomeka wenyewe kwenye laptopu yoyote mliyo nayo.