Moyo Wafanya Nini Katika Ugonjwa wa Makovu?

Katika masomo ya elimu ya viumbe twafundishwa malaria, kichocho na kifua kikuu, kwa kuwa hayo ndiyo maradhi tuyaonayo vijijini mwetu. Leo nataka kueleza ugonjwa mmoja usiotajwa sana huku kwetu, ambao matabibu huuita maltipo sklerosisi, yaani makovu mengi. Nimeuchagua kwa sababu watu wengi husema ya kuwa huponywa kwa nguvu za moyo, na neno hilo lina kweli ndani yake na lina hatari pia.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Mshipa wa fahamu umefunikwa ganda la mafuta liitwalo mayelini, kama waya wa umeme ulivyovikwa mpira. Mwili nao una walinzi wake katika damu, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu walinzi hao hugeuka wakalishambulia ganda lile, katika ubongo, katika uti wa mgongo na katika mishipa ya macho. Waliposhambulia hubaki kovu, na habari zipitazo hapo hukawia au hupotea njiani. Basi mmoja huona ukungu kwa jicho moja, mwingine hufa ganzi miguu, mwingine huyumba akitembea hata majirani wakasema amelewa. Na wengi huchoka uchovu usioondoka kwa kulala. Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40, na wanawake huupata zaidi kuliko wanaume. Jean-Martin Charcot wa Paris ndiye aliyeueleza barabara, mwaka 1868. Mpaka leo haijapatikana dawa ya kuung'oa kabisa.

Sasa angalieni hila yake. Karibu wagonjwa 85 katika kila 100 huanza kwa namna ya kuja na kwenda: shambulio hudumu siku au majuma, kisha hupungua lenyewe, mgonjwa akarudi kazini kama kwamba hakuna kilichokuwa.

Mfano mzuri ni Augustus d'Este, mjukuu wa Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, aliyeandika habari za ugonjwa wake katika daftari kwa miaka mingi. Mwaka 1822 alisafiri kwenda Uskoti kumtembelea jamaa aliyempenda kama baba, akamkuta amekwisha kufa. Mara baada ya mazishi macho yake yakafifia hata ikabidi asomewe barua zake. Hakutiwa dawa yoyote, na macho yakapona. Mwaka 1827 alipokuwa Florence akaanza kuona vitu viwili viwili, na miguu ikalegea. Hapo ndipo matabibu walipoingia kazini: akabandikwa ruba, akaogeshwa maji ya chemchemi, akasuguliwa dawa, akalishwa nyama ya ng'ombe na mvinyo. (Dawa hiyo ya mwisho nadhani wako ambao wangeipokea bila kunung'unika.) Hata hivyo alifika kwenye magongo, kisha kwenye kiti cha magurudumu, akafa mwaka 1848.

Haya, fikirini. Lau kama mwaka ule wa 1822 angalikunywa maji fulani, au angaliambiwa na rafiki, "Jipe moyo, ushinde huzuni," kisha macho yakapona, je, maji yale au maneno yale yasingalipata sifa ya kuponya? Na mwenye kusifu asingalikuwa mwongo, maana ameona kwa macho yake. Ndiyo sababu katika ugonjwa wa kuja na kwenda ushahidi wa mtu mmoja hautoshi, hata akiwa mkweli namna gani. Sharti watu wagawanywe makundi mawili, moja litumie dawa na moja lisitumie, kisha walinganishwe. Tabibu Roy Swank alianza huko Montreal, miaka ya mwisho ya 1940, kuwalisha wagonjwa wake chakula chenye mafuta kidogo, akawafuata kwa miaka 34, akasema wamefaidika. Kazi kubwa mno, lakini hakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo mpaka leo watu wabishana.

Je, moyo wenyewe umepata kupimwa hivyo? Naam. Mwaka 2012 walitangaza matokeo wataalamu wa Marekani waliowachukua wagonjwa 121, wakawafundisha baadhi yao kwa majuma 24 namna ya kupunguza mahangaiko ya moyo, na wengine wakawekwa kungoja. Ubongo wao ukapigwa picha. Katika waliofundishwa, watu 77 hivi katika kila 100 hawakuonekana na shambulio jipya katika ubongo. Katika waliongoja, 55 hivi. Hiyo si tofauti ndogo. Lakini masomo yalipokwisha, faida ile nayo haikuonekana tena. Mimi naona hapa pana funzo kuliko vitabu vingi vya kutia moyo: utulivu wa moyo hufanya kazi kama chakula, lazima ule na kesho, na haulifuti kovu lililokwisha kuwapo.

Yako na mengine yaliyopimwa yakafaa. Zamani mgonjwa aliambiwa alale asijichoshe. Siku hizi twajua ya kuwa mazoezi ya kiasi humwongezea nguvu za kutembea na kumpunguzia uchovu. Kuacha sigara husaidia. Huzuni nzito hupata karibu nusu ya wagonjwa wakati mmoja au mwingine, na sehemu yake hutoka katika makovu yenyewe ya ubongo, si katika udhaifu wa tabia. Huzuni hiyo hutibika, kwa mazungumzo na mshauri au kwa dawa, na mtu aliyetibiwa huweza tena kushika dawa zake, mazoezi yake, na sala zake pia.

Lililo baya ni pale jamaa wanapomwambia mgonjwa kwamba akiamini vya kutosha atapona. Ugonjwa ukirudi, na kwa desturi yake utarudi, hapo ataonekana kuwa hakuamini. Amebeba ugonjwa, sasa abebe na lawama. Wengine kwa sababu hiyo huacha dawa ili kuonyesha imani, na makovu yanayoongezeka wakati huo hayarudi nyuma.

Huku kwetu karibu na ikweta ugonjwa huu ni haba kuliko Ulaya ya kaskazini, ingawa uhaba huo kwa sehemu ni uhaba wa mashine za kupiga picha ubongo na wa matabibu wa mishipa ya fahamu. Aliye nao ana taabu ya pekee, nayo ni joto. Tabibu Uhthoff wa Ujerumani aliandika mwaka 1890 ya kuwa wagonjwa hawa wakijichosha kwa mazoezi macho yao hufifia kwa muda, na baadaye ikajulikana ya kuwa sababu ni joto la mwili. Kivuli, maji baridi na dakika chache za kupumzika humrudisha mtu. Mwanafunzi wa namna hiyo apewe kiti karibu na dirisha, na karibu na mlango pia, maana kibofu nacho husumbuka.

Kuhusu dawa, tangu mwaka 1993 zimepatikana za kupunguza mashambulio, na zimekuwa zikiongezeka. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza 3 katika orodha yake ya dawa za lazima: kladribini, glatirama na rituksimabu. Hii ya mwisho imetumika miaka mingi kutibu saratani za damu, kwa hiyo hospitali kubwa nyingine huwa nayo katika stoo ya idara ya saratani. Wanafunzi wetu wa zamani mnaofanya kazi katika maduka ya dawa na katika wizara, ninyi ndio mnaoweza kutazama kama imo katika orodha ya nchi yetu.