Somo la Mwezi: Paulo na Haki ya Kukata Rufani

Soma kwanza: Matendo ya Mitume 24:22–27, 25:1–12 na 25:23–27.



Katika somo hili tumtazame mtume Paulo akiwa mfungwa. Amekaa kifungoni Kaisaria miaka miwili, wala shauri lake halijaamuliwa. Liwali Feliki ameondoka na kumwacha kifungoni ili awapendeze washtaki. Festo, aliyeshika nafasi yake, naye ataka kuwapendeza, akamwuliza Paulo kama atakubali kwenda kuhukumiwa Yerusalemu. Luka atueleza kwamba njiani watu walikwisha panga kumvizia na kumwua. Ndipo Paulo akakata rufani kwa Kaisari.

Tuone mambo mawili. Kwanza, Paulo hakuikimbia sheria. Alisema wazi kwamba kama ametenda neno la kustahili kufa, hakatai kufa. Basi rufani si ujanja wa kumkwepa hakimu, ila ni kuomba jambo lile lile litazamwe na macho mengine. Pili, Festo aliona haifai kumpeleka mfungwa bila kuandika mashtaka yake. Hata leo rufani husimama juu ya maandishi.

1. Njia ilivyo nchini mwetu

Mtu akitiwa hatiani katika Mahakama ya Mwanzo, rufani yake huenda Mahakama ya Wilaya, ndani ya siku 30. Akitiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, huenda Mahakama Kuu, na kwetu sisi wa Isikizya ndiyo ile ya Tabora mjini. Hapo yampasa kutoa notisi ya kusudio la kukata rufani ndani ya siku 10, kisha alete sababu zake ndani ya siku 45. Siku za kungojea nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu hazihesabiwi. Kutoka Mahakama Kuu, notisi hutolewa ndani ya siku 30, na shauri huenda Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977.

Aliye gerezani hazuiwi na kuta. Humkabidhi mkuu wa gereza karatasi zake, naye huzipeleka mahakamani. Aliyechelewa kwa sababu ya kweli aweza kuomba aongezewe muda.

2. Mahakama ya juu hutazama nini?

Tuchukue mfano mmoja. Wezi wamevunja nyumba usiku, na shahidi aapa kwamba amemtambua kijana fulani. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilifundisha kwamba ushahidi wa namna hiyo usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea umeondolewa. Hakimu aulize: Mwanga ulikuwa wa namna gani? Shahidi alisimama umbali gani? Alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Alikuwa akimfahamu zamani? Sote twajua kwamba mwizi akija na kurunzi, mwanga humulika wenye nyumba, si yeye. Shahidi aweza kuwa mkweli kabisa, na bado akawa amekosea.

Mahakama ikiona kosa, yaweza kumwachia mfungwa, au kubadili adhabu, au kuagiza kesi isikilizwe upya. Lakini tangu shauri la Manji la mwaka 1966, kanuni ni kwamba kesi hairudiwi ili upande wa mashtaka upate kuziba mapengo ya ushahidi wake.

3. Rufani ikishindwa

Mahakama ya Rufani yaweza kufanya mapitio ya hukumu yake yenyewe, lakini mlango huo ni mwembamba. Maombi huletwa ndani ya siku 60, kwa sababu chache tu, kama vile kosa lililo wazi katika kumbukumbu lililopotosha haki, au mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa. Baada ya hapo uko msamaha wa Rais, chini ya Ibara ya 45 ya Katiba. Msamaha humfungulia mtu, lakini hausemi kwamba hakutenda kosa.

Uingereza ina tume maalumu, iliyoanza kazi mwaka 1997, ya kuchunguza kesi zilizokwisha na kuzirudisha katika mahakama ya rufani. Sisi hatuna tume ya namna hiyo. Kwa hiyo zile siku 10 za kwanza zina thamani kubwa kwetu.

4. Wajibu wetu

Mara nyingi jamaa huzimaliza siku hizo wakichanga fedha za kumpa mtu adaiye kwamba atasema na wakubwa, au wakienda kwa mganga. Ndugu, fedha hizo hupotea, na siku hazirudi. Yafaa kwanza kumwuliza mfungwa kama ametoa notisi, kisha kufuatilia nakala ya hukumu. Asiye na uwezo aulizie msaada wa kisheria, uliowekewa sheria yake mwaka 2017.

Tusimsahau pia aliyeibiwa. Asiye na hatia akifungwa, mwizi mwenyewe bado atembea kijijini.

Tena tujihukumu wenyewe. Mtu akipigiwa kelele za mwizi na kuuawa njiani, au bibi kizee akikatwa mapanga kwa sababu ya macho yake mekundu, ni nani atakayesikiliza rufani yake? Hukumu ya kundi haina rufani, maana aliyehukumiwa amekwisha zikwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Paulo hakuridhika kuhukumiwa Yerusalemu?
2. Je, tumewahi kumhesabu mtu kuwa mkosaji kabla ya kumsikiliza? (Yohana 7:51)
3. Katika mtaa wetu, ni nani awezaye kuwasomea na kuwaandikia jamaa za wafungwa?

Sala

Ee Bwana, uliyehukumiwa kwa ushahidi wa uongo, uwakumbuke walio gerezani. Uwape mahakimu uvumilivu wa kusikiliza, mashahidi hofu ya kusema wasiloliona, na sisi miguu ya kwenda kuwatazama wafungwa. Amina.