Usingoje siku ya mkopo kusoma fishi yako

Mwezi wa nane, mwaka mmoja, nilikwenda kwenye koperative kuomba mkopo wa mbegu za maharage. Hapa Rutshuru mvua ya Septemba haimngoji mtu. Ajenti wa mikopo akafungua fishi yangu, karatasi inayoandikwa mkopo na malipo yangu, akanyamaza, kisha akasema: "Mama, mbona mwezi wa tatu hukulipa?"

Nililipa. Dolari 56, kwa mkono wangu, dirishani. Zikaandikwa kwa wajina wangu, maana huku kwetu majina yanafanana kama mbegu za mfuko mmoja. Miezi mitano fishi iliniita mdaiwa sugu, faini ikipanda, nami nimelala usingizi. Kilichoniokoa ni bordero, risiti ya malipo, niliyokuwa nimeihifadhi katika plastiki pamoja na kadi ya mpiga kura. Kosa lilisahihishwa baada ya wiki tatu. Majirani walikuwa wameshapanda.

Tangu hapo nasoma fishi yangu kila mwezi, hata nisipodaiwa. Nafanya hivi:

1. Kwenye koperative. Naomba kuonyeshwa fishi. Naanza na namba ya konti, ndipo jina. Kisha tarehe ya kila malipo, faini, na deni lililobaki. Bordero ziko mkononi, kidole kinafuata mstari kwa mstari. Wino wa bordero hufifia, kwa hiyo siku ileile nainakili daftarini na kuipiga picha.

2. Kwenye AVEC, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mtindo huu wa vikundi ulianzishwa na CARE huko Niger mwaka 1991: sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Kufuli hulinda pesa. Maandishi unayalinda wewe. Nahesabu mihuri ya hisa kwenye kitabu changu kabla sanduku halijafungwa. Ukiona kosa, sema palepale. Juma lijalo kila mtu atakuwa na kumbukumbu yake.

3. Kwenye simu. Ukilipa kwa M-Pesa au Airtel Money, usifute ujumbe mpaka malipo yaonekane kwenye fishi.

4. Uliowadhamini. Shemeji akichelewa, nawe unachafuka. Uliza deni lake limefika wapi, bila haya.

Wenzetu wa Kenya wana ofisi za CRB, zinazotunza kumbukumbu za mikopo, na sheria inampa kila mtu ripoti moja ya bure kwa mwaka. Kwetu Benki Kuu ya Kongo ina Centrale des risques, inakokusanya habari za mikopo kutoka kwa wakopeshaji. Lakini kosa huzaliwa pale ulipokopa, na ni rahisi kulirekebisha likiwa bado liko dirishani.

Karatasi zako zikae nyumbani, nakala nyingine kwa mtu unayemwamini. Januari 2025 vita vilipoingia Goma, benki zilifunga milango. Siku kama hiyo huna wa kumuuliza. Una kile tu ulichokiweka.

Yule wajina wangu tunajuana sasa. Hakuwa mwizi: naye hakuwa amesoma fishi yake, hakujua ana dolari 56 za mtu. Tukikutana soko la Kiwanja, baada ya habari za watoto, ananiuliza: "Mwezi huu umesoma?"