Mgeni Akikaa, Mpe Jembe



Somo letu safari hii linahusu mtu anayetoka nchi nyingine kuja kukaa na kufanya kazi kati yetu. Tunaomba katibu alisome polepole mbele ya wanachama, halafu mjadili maswali yaliyo mwishoni.

Sote tunalijua ziwa la Simbi Nyaima, hapa karibu na Kendu Bay. Wazee wanasimulia kwamba pale palikuwa na kijiji. Usiku mmoja watu wakiwa kwenye pombe, bibi kizee mgeni alifika akaomba kuota moto na kupata mahali pa kulala. Wakamfukuza. Mama mmoja tu alimpokea, na ndiye aliyeambiwa aondoke kabla maji hayajafunika kijiji chote. Hadithi hii imetufundisha kumpokea mgeni. Lakini haituambii tufanye nini mgeni akikaa mwaka mzima.

WENDO NA JADAK

Kijaluo kina maneno mawili. Wendo ni mgeni wa siku chache. Huyo anachinjiwa kuku na hashiki jembe. Jadak ni mtu wa kutoka kwingine aliyeomba kukaa katika ardhi ya ukoo usio wake. Siku hizi neno hilo linatumiwa kama tusi, na jambo hilo ni baya. Lakini utaratibu wenyewe ulikuwa na hekima. Jadak alipewa mahali pa kujenga na kulima. Alisaidia kazi za wenyeji, aliwaheshimu wazee wa pale, na alijua kwamba ardhi si yake. Kila upande ulijua haki zake na wajibu wake. Waswahili nao wanasema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Kosa letu siku hizi ni kumfanya wendo mtu ambaye amekuja kukaa. Tunamchekea, tunamfichia matatizo yetu, tunamwachia kila kitu, na tunamtazama kama benki. Mwisho wake tunaumia sisi, na yeye pia anaumia.

WAGENI WA AINA MPYA

Zamani mgeni wa kukaa alikuwa padre, daktari, mwalimu wa kujitolea au mfanyabiashara. Siku hizi kuna wa aina nyingine. Ofisi yake iko Ulaya au Marekani, lakini yeye anakaa hapa na kufanya kazi kwa kompyuta na simu. Wengi wako Nairobi, wengine Kisumu au pwani. Mwaka 2024 Serikali ya Kenya ilianzisha kibali cha Daraja N kwa ajili ya watu kama hao, ambao kipato chao kinatoka nje ya nchi. Wengine wakichoka na kelele za jiji wanatafuta mji mdogo wenye ziwa, stima na barabara ya lami. Basi msishangae wakifika kwetu.

KISA CHA PAMPU

Miaka michache iliyopita sisi wenyewe tulimleta mgeni wa namna hii kwa kikundi kimoja cha akina mama wanaolima mboga kando ya ziwa. Mchana alifanya kazi yake ya kompyuta, jioni na Jumamosi alisaidia kikundi. Alikuwa mtu mwema na mwenye bidii. Alinunua vipuri vya pampu ya petroli, akaandika hesabu za kikundi kwenye kompyuta yake, na namba ya fundi ilikuwa kwenye simu yake. Akina mama walifurahi. Walisema, "Huyu ni baraka, tumwache afanye."

Baada ya miezi kumi na moja kibali chake kikaisha, akaaga, tukamfanyia sherehe. Wiki ya tatu pampu ikakataa kuvuta maji. Sukuma wiki na nyanya zikakauka, na mkopo wa mbegu bado ulikuwa haujalipwa. Akina mama wawili waliuza mbuzi ili kulipa sehemu yao. Mwingine alichelewa kumpeleka binti yake shule muhula ule.

Fundi alipofika aligundua kwamba vali ya chini ya paipu, ile inayokaa ndani ya maji, ilikuwa imejaa mchanga. Kuisafisha ni kazi ya nusu saa. Mgeni alikuwa akiisafisha kila Jumamosi asubuhi peke yake. Hakuna aliyeambiwa amtazame, na yeye hakufikiri kwamba ni jambo la kufundisha.

Tulipomwandikia, alijibu kwa huzuni. Akatuambia mambo ambayo hatukuyajua. Nyumba ambayo mwalimu alikuwa akilipa shilingi 4,000 kwa mwezi, yeye alitozwa 12,000. Karibu kila jioni mtu alibisha mlango kuomba karo au nauli. Lakini palipokuwa na matanga kwa jirani, hakuna aliyemwambia twende. Miezi kumi na moja alikaa kati yetu akiitwa mgeni.

Hatuwalaumu akina mama. Kosa lilikuwa letu sisi tuliomleta bila kukaa naye chini na kikundi ili kupatana.

WALIOTUTANGULIA

Mwaka 1906 Arthur Carscallen, mtu wa Kanada, na Peter Nyambo, kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, walifika kilima cha Gendia na kuanzisha misheni ya Waadventista. Hao si wa dhehebu letu, lakini jambo jema tuliseme. Walianza kwa kujifunza Kijaluo. Mwaka 1913 mtambo wa kupiga chapa ulianza kazi Gendia, na vijana wa hapa wakajifunza ufundi huo. Enzi hizo Wazungu walikuwa na makosa yao mengi kwetu, hilo tunalijua. Lakini ujuzi ulioingia katika mikono ya wenyeji haukupanda meli na mgeni aliporudi kwao.

MAMBO MATANO YA KUPATANA

Mgeni akitaka kukaa na kufanya kazi na kikundi, mkae naye wiki ya kwanza, mpatane mambo haya, na katibu ayaandike katika kitabu cha kumbukumbu.

1. Karatasi zake. Mgeni anayefanya kazi Kenya, hata ya kujitolea, anatakiwa kuwa na kibali kinachofaa kazi hiyo. Akikaa zaidi ya siku 90 anatakiwa kujiandikisha kama mgeni. Mwulizeni kwa adabu kibali kinamruhusu nini na kinaisha lini. Tarehe hiyo ndiyo mwisho wa mpango wenu naye.

2. Nyumba na bei. Alipe kodi ambayo mwenyeji angelipa kwa nyumba ile ile. Kumwongezea bei kwa sababu ni odiero ni wizi wa kistaarabu, na kodi ikipanda kwa mmoja, kesho itampandia mwalimu na muuguzi pia. Kuhusu ardhi, Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia anaweza kukodi tu, na si zaidi ya miaka 99. Shamba la kilimo lina masharti makali zaidi. Mwanachama asikubali kumnunulia mgeni shamba kwa jina lake mwenyewe. Hapo ndipo kesi zinapozaliwa.

3. Fedha. Akitaka kutoa mchango, uende kwa mweka hazina au akaunti ya kikundi, upewe risiti, na usomwe mkutanoni. Usipite kwenye simu ya mtu mmoja. Mgeni asiwe mtia sahihi wa akaunti. Maombi ya karo na matibabu yapite kwa kamati, ili asibishiwe mlango kila jioni.

4. Ujuzi. Kila kazi anayoifanya mgeni iwe na wanachama wawili wanaoitazama na kuijaribu wenyewe. Tunasema wawili kwa sababu mmoja anaweza kuugua au kuolewa mbali. Hesabu ziandikwe kwenye daftari la kikundi hata kama ziko kwenye kompyuta. Na ujuzi uende pande zote mbili: nanyi mfundisheni lugha, kuanika omena, na namna ya kuingia katika boma la watu.

5. Kuaga. Mwezi mmoja kabla hajaondoka, apumzike kazi zote za kikundi wiki mbili huku akiwa bado yupo. Kitakachoharibika wiki hizo mbili ndicho ambacho hamjajifunza. Bado kuna nafasi ya kumwuliza.

SISI PIA NI WAGENI

Huenda mtu akasema, "Huyo ana pesa zake, kwa nini tumhurumie?" Ndugu zetu, hebu tuhesabu watoto wetu. Mmoja yuko Nairobi katika nyumba ya kupanga, mwingine Mombasa, mwingine anafanya kazi za nyumbani Saudia au Qatar. Hussein Onyango Obama, mtu wa Kanyadhiang hapa karibu, alikwenda Nairobi kuwapikia Wazungu. Mwanawe alikwenda kusoma Hawaii mwaka 1959. Watu wa hapa tumekuwa wageni mahali pengi. Tunajua uchungu wa binti anayepiga simu usiku akisema tajiri amemnyang'anya pasipoti. Tungependa mtu wa kule amtendee mtoto wetu namna gani?

Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 19, aya ya 33 na 34, Mungu anawaagiza Waisraeli wasimwonee mgeni anayekaa kwao, bali wampende kama mmoja wao, na anawakumbusha kwamba wao pia walikuwa wageni Misri. Hasemi tumwabudu mgeni, wala hasemi tumkamue. Kumpenda kama mmoja wetu ni kumpa kiti chetu, bei yetu, na jembe letu pia.

Kile kikundi cha akina mama bado kipo. Siku hizi pampu inasafishwa na akina mama wawili kwa zamu, na kwenye daftari lao kuna mchoro wa ile vali uliochorwa na mmoja wao.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni kazi gani inajulikana na mtu mmoja tu? Akiondoka kesho, nini kitasimama?
2. Je, tumewahi kumtoza mgeni bei isiyo ya haki? Nani aliumia baadaye?
3. Mgeni wa mwisho kukaa kwetu, tulimwalika matanga, harusi au harambee? Kama hapana, kwa nini?
4. Kijana wetu aliye mbali anasema anatendewaje huko? Tunajifunza nini kwake?

KAZI YA KUFANYA: Kabla ya mkutano ujao, andikeni majina ya wanachama wawili kwa kila kazi ya kikundi: hesabu, pampu, mbegu, mizinga, soko. Palipo na jina moja tu, anzeni hapo.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.