Je, Sinema ya Maroboti Inamfaa Mtoto Wako?

Likizo ya Agosti inapoingia, baridi ya Nyeri huwafungia watoto ndani na televisheni hugeuka kuwa yaya. Wakati huo wazazi wa hapa Ruring'u huniuliza swali moja mara kwa mara: "Daktari, sinema hii mtoto anaweza kuitazama?" Aghalabu huwa ni sinema ya mapigano ya kisayansi: maroboti yenye bunduki, viumbe kutoka sayari nyingine, magari yanayogeuka askari wa chuma, na miji mizima inayolipuliwa. Binamu zake wa Nairobi wameshaiona. Rafiki zake darasani wanaisimulia. Mama naye hataki mwanawe awe wa mwisho.

Wengine hudhani hilo ni swali la maadili tu, lisilomhusu daktari. Sivyo. Mara nyingi linafika kliniki likiwa limevaa vazi jingine. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani ameanza tena. Hataki kulala peke yake. Tumbo linamuuma kila jioni, na mwalimu analalamika kwamba anasinzia darasani. Choo na mkojo vikipimwa havionyeshi ugonjwa. Hapo ndipo inafaa kuuliza: juma lililopita mtoto huyu alitazama nini, na alikuwa na nani?

Katika somo la leo tutajifunza jinsi ya kuipima sinema ya aina hiyo kabla mtoto hajaiona. Jambo kuu la kushika ni hili: usianze kwa kuuliza sinema ina damu kiasi gani. Anza kwa kuuliza akili ya mtoto wako imefika wapi.

ALAMA YA UMRI NI MWANZO TU

Nchini Kenya kazi ya kupima sinema imepewa Bodi ya Kuainisha Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Alama zake ni nne. GE ni sinema ya watu wote. PG ni ile inayohitaji uangalizi wa mzazi. 16 haiwafai walio chini ya miaka hiyo, na 18 ni ya watu wazima pekee. Vituo vya televisheni navyo vimewekewa saa za kuwalinda watoto, tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku.

Alama hizo ni msaada mkubwa, nawe usizidharau. Hata hivyo, hazitoshi, kwa sababu bodi inapima sinema, haimpimi mtoto wako. Tena wapimaji wenyewe hawakubaliani. Sinema ya Jurassic Park ya mwaka 1993 ilipewa PG nchini Uingereza, ilhali Marekani wazazi walipewa onyo kali zaidi kuhusu watoto walio chini ya miaka 13. Terminator 2 ya mwaka 1991, ambayo stelingi wake mmoja ni mvulana wa miaka kumi, ilizuiliwa Uingereza kwa walio chini ya miaka 15. Marekani aliye chini ya miaka 17 alitakiwa kuingia na mtu mzima. Pamoja na hayo, vikaragosi vya sinema hiyo hiyo viliuzwa madukani kama vitu vya kuchezea watoto. Picha ya roboti kwenye mkoba wa shule basi si ushahidi kwamba sinema yenyewe ni ya watoto.

Kumbuka pia kwamba sinema nyingi huwafikia watoto wetu bila alama yoyote: katika kibanda cha video, kwenye simu ya mjomba, au ndani ya matatu ya safari ya mbali iliyotundikwa skrini nyuma ya dereva. Nyingine husimuliwa upya kwa Kiswahili na Sheng, mtindo uliompa umaarufu DJ Afro. Usimulizi huo ni sanaa yenye ucheshi na watu wazima huufurahia. Lakini kicheko cha msimulizi hakibadilishi picha iliyo mbele ya macho ya mtoto wa miaka mitano.

HOFU HUBADILIKA KWA UMRI

Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, alionyesha kwamba mtoto mdogo hawazi kama mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Kabla ya miaka saba hivi hushika zaidi kile anachokiona kuliko kile anachoambiwa. Baadaye mtafiti wa Marekani, Joanne Cantor, alichunguza watoto waliotazama kipindi cha The Incredible Hulk, ambamo mtu mpole hugeuka jitu la kijani na kuwasaidia watu. Watu wazima walijua jitu lile ni jema. Watoto wadogo hawakujali wema wake. Walichoogopa ni mtu kugeuka mbele ya macho yao.

Tuchukue Terminator 2 iwe mfano wetu. Humo roboti adui huvaa umbo la mama mlezi wa yule mvulana na kuzungumza kwenye simu kwa sauti ya mama huyo, kisha mkono wake unageuka upanga na kumwua mume. Mahali pengine mama mzazi wa mvulana anaota ndoto ambamo bomu la nyuklia linawateketeza watoto walio uwanjani wakicheza.

Mtoto wa miaka mitano akiiona sehemu ya kwanza, hajifunzi chochote kuhusu maroboti. Anajifunza kwamba mama anaweza kuwa si mama. Huyo ndiye atakayekataa kulala peke yake, na pengine ashindwe kukueleza sababu.

Mtoto wa miaka tisa anajua kwamba chuma hakigeuki mtu. Lakini anajua pia kwamba mabomu yapo na vita vipo, kwani husikia taarifa za habari. Yeye atasumbuliwa na ile ndoto ya uwanjani. Kinachomtisha ni kile kinachoweza kutokea kweli.

Kijana wa miaka kumi na sita anaweza kuona jambo ambalo wale wawili hawalioni: kwamba mvulana wa sinema anaiamuru mashine isiue watu, nayo inajifunza kutii. Hapo pana mazungumzo mazuri kati ya baba na mwanawe. Sinema ni moja, bali watazamaji watatu wameona mambo matatu.

TAFUTA MAUMIVU, SI DAMU

Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford waliwachunguza watoto 72 wenye umri wa kati ya miaka mitatu na sita. Baadhi yao walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kupulizwa hewa. Walipoachwa na mwanasesere yule, wengi wao walimpiga vivyo hivyo, na hata kurudia maneno waliyoyasikia. Uchunguzi huo haukuthibitisha kwamba sinema hugeuza watoto kuwa majambazi, na mzazi asitishwe kwa maneno kama hayo. Ulionyesha kwamba mtoto mdogo huiga anachokiona.

Kwa hiyo jiulize: Anayepiga anasifiwa? Anayepigwa anaumia, au anaanguka tu na kusahauliwa? Kuna yeyote anayejaribu njia nyingine kabla ya kufyatua risasi? Sinema isiyo na tone la damu inaweza kuwa mbaya kuliko yenye damu, iwapo watu mia wanakufa humo kama nzi na stelingi anatoa mzaha. Humfundisha mtoto kwamba risasi haina uchungu.

Sisi wa Ruring'u tuna namna ya kulijibu hilo. Uwanja wetu ndio ambapo wapiganaji wa Mau Mau waliotoka msituni walikuja kuweka silaha zao chini mwaka 1963. Familia nyingi za hapa bado zina simulizi za siku zile: nani hakurudi, nani alirudi akiwa kilema. Mtoto aliyekomaa, aliyesimuliwa hayo na nyanya yake kwa upole, ataitazama bunduki ya sinema kwa jicho lingine.

MWANGA UNAOMWEKA

Kuna hatari moja ambayo haihusiani na hadithi. Sinema za kisayansi hupenda miali, milipuko na taa zinazowaka na kuzima kwa kasi. Watu wachache wenye kifafa, hasa watoto na vijana, hupata mshtuko wakitazama mwanga unaomweka zaidi ya mara tatu kwa sekunde. Nchini Japani, tarehe 16 Desemba 1997, watoto wapatao 685 walipelekwa hospitalini baada ya kipindi cha katuni cha Pokémon kuonyesha miali myekundu na ya buluu iliyopishana kwa kasi. Wengi wao hawakuwa na historia ya kifafa, na wengi walipata nafuu upesi.

Mtoto na akae mbali na skrini, zisipungue mita mbili, na taa ya sebuleni iwe inawaka. Miali ikianza, afunike jicho moja kwa kiganja na kugeuza uso. Kufumba macho hakutoshi, maana mwanga hupenya kope.

Akianguka na kutetemeka, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, na utazame saa. Usimtie kijiko wala kitu chochote kinywani. Mshtuko ukizidi dakika tano, au ukimrudia kabla hajapata fahamu, mkimbize hospitalini. Hata ukiisha wenyewe, akapimwe. Usipoteze miezi ukitafuta aliyemroga. Kifafa kina dawa.

USINGIZI HAUKOPESHEKI

Mtoto wa kati ya miaka sita na kumi na miwili huhitaji usingizi wa saa tisa hadi kumi na mbili kwa usiku mmoja. Sinema ya mapigano hupandisha mapigo ya moyo na kuuweka mwili tayari kukimbia. Ikimalizika saa tatu na nusu usiku, usitarajie mtoto alale saa nne kasorobo. Itazamwe mchana, au imalizike angalau saa moja kabla ya kulala. Kuhusu watoto wa miaka miwili hadi minne, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 wasizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora. Sinema ya maroboti ya saa mbili, hata iwe safi namna gani, si chakula cha umri huo.

HATUA TANO ZA MZAZI

Kwanza, soma alama ya umri. Ikiwa 16 au 18, mjadala wa mtoto mdogo umekwisha.

Pili, itazame mwenyewe kwanza. Ukikosa nafasi, tazama dakika ishirini za mwanzo na ishirini za mwisho, na umuulize mtu mzima aliyeiona: ni sehemu gani ilikusumbua wewe?

Tatu, mpime mtoto huyu, si watoto kwa jumla. Je, amefiwa karibuni? Ameshuhudia ajali au ugomvi nyumbani? Ana ndoto mbaya? Mtoto mwenye kidonda kibichi moyoni asubiri, hata kama kaka yake wa umri uo huo aliitazama bila taabu. Na wakiwa wengi sebuleni, chagua kwa kumfikiria aliye mdogo kuliko wote.

Nne, keti naye. Usipike huku yeye yuko peke yake na roboti. Akificha uso, zima. Asichekwe wala kuitwa mwoga. Ukiwa ndani ya matatu, mwombe kondakta abadilishe picha. Una haki hiyo.

Tano, zungumzeni ikiisha. Muulize ni nani aliyemhurumia, na yeye angefanya nini. Majibu yake yatakuonyesha alichokielewa kuliko utakavyodhani.

AKISHAOGOPA

Ukimwambia mtoto wa miaka minne "ni uongo tu," humsaidii sana. Yeye hutulizwa na mwili wako: mpakate, mwachie taa ndogo, mpe kikombe cha maziwa ya uvuguvugu, kaa karibu hadi alale. Mtoto wa miaka minane na kuendelea hufaidika na maelezo: mweleze kwamba waigizaji wako hai, milipuko hupangwa, na roboti lile ni kazi ya mafundi na kompyuta.

Mara nyingi hofu hupungua baada ya siku chache. Mlete kwa daktari iwapo itazidi wiki nne, iwapo ameacha kula au kucheza, au iwapo anakataa shule. Asipelekwe kesho bali leo akitaja kujidhuru. Wakati mwingine sinema haikuleta hofu. Iliamsha tu jambo lililokuwa limelala, nalo linataka kusikilizwa.

Kumnyima mtoto kila sinema si tiba. Mawazo ya sayari za mbali na mashine zenye akili yamewavuta vijana wengi kupenda sayansi, na mwaka 2009 Mkenya mwenzetu Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi, filamu fupi ya kisayansi kuhusu Afrika iliyokosa maji. Lipo la kumwonyesha mwanao umri ukifika. Juma hili, kabla ya kumwambia ndiyo au la, itazame ile anayokuomba, kisha mwangalie yeye.